Hesabu ya Jioni

Hakimu anauliza: ufunguo alipewa na nani?
Bajaji ni yangu. Jina langu limo kwenye kadi.

Asubuhi ile Kikoti alisimama mbali,
mkono mdomoni, akisingizia baridi ya Gangilonga.
Hata hivyo shikamoo yake ilinuka ulanzi.
Nikaitikia marahaba.
Nikaongeza: usisahau hesabu ya jioni.

Mteremko wa Ipogolo ukamaliza yaliyobaki.
Atukuzwe Chengula, abiria,
trei mbili za mayai
na goti lisilokunjika tena.

Bima walisoma kipimo cha pumzi, wakafunga faili.
Wakili wangu ananong'ona: sema hukujua.

Chengula ameketi benchi la mbele,
mguu umenyooka kama kidole
kinachonielekea.

Nilinusa, mheshimiwa.
Nilinusa, nikampa.