Magunia Manane

Ghalani Kibaigwa, mwezi wa saba,
upepo umezoa vumbi la barabara ya Morogoro
ukalimwaga ndani ya daftari langu.
Magunia manane ya mahindi ukutani,
namba za rangi nyekundu, mwandiko wa Lechipya:
nne, saba, tatu, sita, nane, moja, mbili, tano.
Mnunuzi anayataka kwa mpango, moja hadi nane.
Pa kushushia kando hapana;
likitoka hili, lile linaingia palepale.

Chiwanga kajifunga shuka kiunoni.
Kila kubadilishana, shilingi mia tano.
Desturi yake ni kusogeza jirani kwa jirani,
toka mlangoni, polepole,
mara kumi na sita hadi yakae sawa.

"Subiri," nikasema.
Nikageuza risiti ya mizani, nikachora mishale
kwa kalamu inayokataa wino.
Nne kakaa kwa Moja. Sita kakaa kwa Nne.
Moja, huyo mdogo, kajibanza kwa Sita.
Watatu wanadaiana kwa mzunguko,
kama ninavyodaiwa na Mwaluko,
naye Mwaluko anadaiwa na muuza alizeti,
na muuza alizeti, tangu Pasaka, namdai mimi.
Mara mbili zinalimaliza deni.
Saba na Mbili wamelaliana vitanda: mara moja.
Nane na Tano vilevile.
Tatu yuko kwake, mwacheni.

Nne tu! Nikapiga meza.

Chiwanga hakupiga chochote.
Alibeba. Mgongo ukalia mara nane, ukanyamaza.
Akajikung'uta pumba, akahesabu noti: elfu mbili.
"Kwa njia yangu ilikuwa elfu nane."
Hakukasirika. Alisema kama asomaye mizani.
"Karani, hesabu yako imeupumzisha mgongo,
ikalipumzisha na tumbo."

Kisha akaliendea gunia namba tatu,
lile lililokuwa mahali pake,
ambalo mimi na mishale yangu hatukuligusa.
Akaliinamisha.
Chini, panya walikwishafungua mlango wao;
mahindi yakachuruzika hadi kwenye viatu vyangu,
nusu punje, nusu unga.
"Hili je, ulilihesabu?"

Nikafungua daftari. Nikaandika: mara tano.
Nikakata.
Nikaandika: kumi na sita.
Kalamu ikagoma kwenye sita,
nikailamba ncha, nikaikandamiza.