Kizingiti

Tulianza na karatasi za ukutani: ya maua,
chini yake ya mistari, chini yake gazeti lenye bei ya tumbaku,
kisha plasta, kisha fito,
kisha Verlin akanyamaza, patasi mkononi:
magogo ya mwaloni, yamechongwa kwa tezo,
meusi kama sufuria isiyosuguliwa.

"Huyu hapa," alisema, kana kwamba mtu kabisha hodi.

Kinyozi aliwahi kunyolea watu humu. Pakawa ghala la mbegu,
pakawa banda la Opal Tackett,
ambaye hakujua, au hakujali,
kwamba kuku wake wanatagia juu ya kaunta ya pombe.
Kabla ya hao wote, Kentaki ikiwa bado ukingo wa ramani,
mjane Mehitabel Crouse aliuza hapa wiski kwa kikombe cha bati
na kitanda kwa mafungu: wageni wanne, blanketi moja.
Aliyekosa senti alilala sakafuni, nyayo zikiota moto.

Hakujua kuandika, ila deni alilijua.
Nyuma ya rafu tulikuta hesabu zake, zimekwaruzwa kwa kisu:
mistari minne na mmoja wa kuikata,
minne na mmoja,
na pembeni picha badala ya jina:
gurudumu, bata, mtu asiye na sikio.
Gurudumu alilipa, amefutwa.
Asiye na sikio anadaiwa mpaka leo.

Jumanne ikaja kamati, kahawa mkononi.
Wanataka kibao cha shaba: *Hapa ndipo njia ilipoanza.*
Verlin akasema njia ilichimbwa na kwato za nyati,
Washawnee wakaipita vizazi na vizazi;
huyu mama aliikuta imeshachoka.
Mwenyekiti akaandika kitu, akakifuta.

Halafu wakataka kizingiti kipya.
Hiki kimelika, kimebonyea kama tandiko;
mgeni atajikwaa, na bima je?
"Tutakigeuza," Verlin akasema. "Chini bado kizima."
Tukakitia mtaimbo, mimi huku, mjomba kule,
mti ukalia, ukang'oka, tukaupindua.

Chini nako kulikuwa na bonde,
lenye kina kuliko la juu.

Kuna mtu alishawaza wazo letu,
akageuza, akapangusa mikono,
akawaacha watu waendelee kuingia.

Verlin alikaa kitako akacheka hadi akakohoa.
Tukakirudisha kama tulivyokikuta.
Wa kwanza kuvuka nilikuwa mimi, ndoo ya chokaa mkononi.
Nikajikwaa.
Sikuanguka.