Mita Sita

Njia yetu ilizaliwa na matairi.
Kwanza baiskeli ya Chilongani, aliyekata kona
kumkwepa mbwa wa Mama Ijengo,
kisha mkokoteni wa maji, kisha pikapu ya matofali,
na siku moja tukajikuta tunaiita barabara.
Kwenye ramani ya jiji, pale tulipopita kila asubuhi,
palikuwa na karatasi nyeupe tu.

Tukaifanya yetu. Tulinunua moramu, tripu tatu,
tukafunga mnyororo kati ya nguzo mbili,
na ufunguo akapewa Ndahani
kwa kuwa ndiye asiyelala.
Fuso za mtaa wa pili zilipiga honi pale
hadi zikachoka, zikarudi kinyumenyume.
Nami, nisifiche, nililala vizuri.

Januari ikaja na mvua yake ya siku nne,
ile ya Dodoma, inayokuja kama mtu anayedai.
Ikachimba korongo kutoka kwa Mbijima hadi getini kwangu,
ikazoa moramu yote, tripu tatu,
ikaenda kuimwaga bure kwa watu wa mtaa wa pili.
Tulisimama na mabuti tukiangalia hela yetu ilipolala.
Mnyororo ulikuwa bado umefungwa.

Mhandisi alikuja na utepe na kofia ya njano.
Akasema: jiji halitengenezi kitu cha mtu.
Itoeni kwanza. Greda tutaleta sisi,
kalavati mbili ni juu yenu.
Na iwe mita sita.

Tulikuwa na nne.
Wahenga walisema penye nia pana njia,
hawakusema pana kiasi gani.

Mimi ndiye mshika daftari.
Naujua mwandiko wa kila anayesema kesho.
Mwenye fuso alitaka kulipa sawa na mwenye miguu;
tukabishana hadi chai ikapoa,
tupime kwa uzito, au kwa vichwa, au kwa vyumba,
na mtoto wa mtu akauliza je, mbwa.
Mnyambwa wa kona alisema: mlango wangu unatazama lami,
huko kwenu napita kwenda wapi?
Usiku akanigongea, mkononi bahasha ya harusi isiyo yake,
ndani elfu thelathini.
"Maji huwa yanaanzia kwangu," akasema,
akaondoka kabla sijawasha taa.
Mama Ijengo hakuwa na pesa. Alileta zabibu.
Nikaandika: zabibu, ndoo moja.
Jumla ya ukurasa ule imenishinda mpaka leo.

Mita moja kila upande.
Upande wangu, mita hiyo ilikuwa na mizabibu kumi na minne
niliyoipanda mwaka aliozaliwa Malogo.
Siku tatu niliwadai watu michango
bila kulitaja deni langu.
Siku ya nne niliamka kabla ya upepo
nikaing'oa mwenyewe, asije akaing'oa greda.
Mizizi ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani;
mmoja ulikuwa tayari umepita chini ya njia,
umetokea kwa jirani.

Kwa mtendaji niliweka sahihi
mahali palipoandikwa MTOAJI.
Kalamu ilikuwa ya kuazima, nikairudisha.

Mnyororo tuliuuza chuma chakavu, kilo tisa,
pesa ikaingia kwenye kalavati.
Ndahani alileta ufunguo, hakuna aliyeupokea.
"Sasa nilinde nini?" akauliza,
akaurudisha mfukoni kwa mazoea.

Asubuhi ya kwanza alipita kijana na mbuzi wake,
simjui, hamjui mtu hapa.
Mbuzi wakasimama kwenye rundo la mizabibu
wakala majani yaliyokuwa hayajanyauka.
Swali la zamani likanifika kwenye meno:
unakwenda kwa nani?
Akaniwahi yeye.
"Shikamoo. Eti, njia hii inatokea?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
mita sita zote.
"Inatokea," nikasema. "Pita."