Ukomo wa Muda

Nyevu, mwanangu, funguo ni tatu:
mlango, kabati, na choo cha ghorofa ya pili
ambacho mwenye nyumba aliahidi kukitengeneza
mwaka ule wa kesi ya saruji.
Ningeweza kumshtaki. Sikupata nafasi.

Miaka thelathini na moja nimeshuka ngazi hizi
saa mbili kasorobo, joho mkononi,
nikavuka Barabara ya Nkrumah jua limeshaamka na kisirani,
kola imenikaba shingo kama mdai.
Nimesimama mbele ya majaji kumi na wanane.
Mmoja alikuwa akisinzia kwa haki:
upande wako, upande wangu, bila upendeleo.

Watu hudhani kazi hii ni kunena.
Kazi hii ni kusoma stakabadhi.
Ni kuhesabu makontena ya Kilindini kwa kidole,
kujua meli ilifunga gati lini, winchi ilikwama saa ngapi,
nani alitia sahihi kwa wino wa buluu
na nani alirudi usiku kuitia tena kwa mweusi.
Ni ndugu wawili, tumbo moja, duka moja la vyuma Mwembe Tayari,
hawatazamani, kila mmoja anamwambia wakili wake
amwambie wakili wa mwenzake
amwambie nduguye
kwamba mama amelazwa.
Niliufikisha ujumbe ule. Sikuutoza.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
kwa methali hiyo nimekula, nimejenga, nimesomesha.

Sasa nisikilize. Rafu ya chini, faili lenye utepe mwekundu.
Chai ya Ghalib Msellem.
Magunia mia tatu na ishirini, ghalani Shimanzi,
paa likavuja usiku wa mvua ya mwezi wa tano,
chai ikalowa, ikavimba, ikaota ukungu kabla ya mnada.
Mimi nilikuwa upande wa ghala.
Tundu la paa nililiona kwa macho yangu: ungepitisha mbuzi.
Lakini mkataba ulisema taarifa itolewe ndani ya siku kumi na nne,
na barua yake ilifika siku ya kumi na tano,
kwa kuwa ya kumi na nne alikuwa akimzika mkewe.
Hilo halikuwamo kwenye mkataba.
Nilisimama, nikasema sentensi moja.
Jaji akaandika. Kalamu yake niliisikia.

Jioni ile mteja wangu akaniletea biriani ofisini,
ya watu sita. Nilikula peke yangu, nikashiba vibaya.

Miaka minne baadaye, hodi.
Ghalib, na koti lile lile la mahakamani,
mzigo mwingine, mdaiwa mwingine.
Nikamuuliza: mawakili wote wa mji huu, kwa nini mimi?
Akasema, "Natafuta mtu wa kunihesabia siku."
Nikazihesabu. Tukashinda.
Radhi sikumwomba; sikujua huombwa kwa fomu gani.

Siku ya malipo alileta hundi na pakiti ya chai kavu,
juu yake ameandika kwa mkono, herufi za mtu asiye na haraka:
*Imewasilishwa ndani ya muda.*
Kama ni utani au ni hukumu, sijui hadi leo.
Nikaitia kwenye droo, chini ya mihuri.

Wateja watakuja. Kabla ya machozi yao soma tarehe.
Usimwamini shahidi anayekumbuka kila kitu.
Na siku utakaposhinda kesi uliyotamani kushindwa,
usipige simu kwa mtu. Funga mlango,
chemsha maji, ifungue pakiti ile.
Ina miaka kumi na tisa; huenda ladha imeshatoka.
Deni la mkataba huishi miaka sita, kisha hufa.
Hili jingine nimelitafutia kifungu, sijakiona.

Sukari utanunua mwenyewe.