Jana Ulikula Nini?

Swali la kwanza la fomu ni fupi kuliko yote.
Jana ulikula nini?
Daktari Nhonya alitutaka tujijaze wenyewe kwanza,
siku tatu, kila tonge, kila funda,
"kabla hamjapekua sufuria za watu."

Nikakaa chumbani kwangu Ng'ong'ona,
upepo ukisukuma vumbi chini ya mlango,
nikaandika kwa mwandiko wa mtu anayetazamwa.
Asubuhi: uji wa uwele, yai, papai.
Mchana: wali, maharage, mchicha.
Usiku: samaki.

Samaki!
Mimi niliyelalia chai ya rangi na andazi lililolala,
kwa kuwa ada ya muhula wa tatu ilitangulia mezani.
Ada haichagui. Haina mzio. Haishibi.
Nikapata alama themanini na tisa,
na pembeni, kwa wino mwekundu:
"Unakula vizuri. Punguza chumvi."

Wiki ya sita ya vitendo nikapangiwa wodi ya watoto.
Koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani,
mfukoni utepe wa rangi tatu na kikokotoo,
kichwani protini ya kunde, madini ya chuma ya mlenda mkavu,
vyote kwa gramu mia, vyote kwa mpangilio.

Sechelela alikuja kutoka upande wa Bahi,
mtoto mgongoni kama furushi lililosahaulika kujazwa.
Nikauzungusha utepe kwenye mkono mdogo.
Nyekundu.
Nikaulegeza, nikarudia polepole,
kama mtu anayehesabu tena pesa zilezile
akitumaini zitaongezeka.
Nyekundu.

"Mama, jana mtoto alikula nini?"
Akanyoosha mgongo. Akaweka khanga sawa.
"Ugali na nyama. Na maziwa. Na tunda."
"Tunda gani?"
Akatazama dirishani.
Ng'ambo ya barabara mchuuzi alikuwa akipanga beseni lake.
"Zabibu."

Nikaujua ule mwandiko.

Ningeweza kuandika zabibu.
Ningeweza kuandika: *maelezo ya mama hayaaminiki*,
kuna kisanduku chake, kinangoja vema tu.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda,
jambo ambalo muuguzi wa zamu halipendi, nikasema:
"Mimi jana usiku nilikula nusu andazi.
Nusu nyingine imo humu, chini ya kikokotoo."

Akacheka kwa pua, mara moja.

Basi nikaiweka fomu kifudifudi.
Jana jua lilipochomoza, nani aliwasha moto?
Kuni zilitoka wapi?
Nani alipakuliwa kwanza, na ukoko ulikwenda kwa nani?
Kihenge chenu ukikigonga kinaliaje?

"Kama ngoma," akasema.

Na hapo jana ikaanza kuja, kidogokidogo, kama mbuzi mwoga:
uji asubuhi, maji yakiongoza;
mchana ubuyu wa kumung'unya;
jioni mlenda, matonge matatu,
na mtoto amekwisha sinzia kabla chungu hakijachemka.
"Na akilala, dada, nani atamwamsha
aje aone kilichopo?"

Hilo halimo kwenye vitabu vyangu.
Nimetafuta.

Kilo sita nukta mbili.
Mililita sabini za maziwa ya tiba kila baada ya saa mbili.
Daktari Nhonya alihakiki hesabu, akasaini, akapita.
Saa nane usiku nikashika kikombe,
Sechelela akashika kichwa,
na mtoto, akiwa amefumba macho, alimeza.
Tukasubiri.
Akameza tena.

Fomu yangu ya siku tatu ninayo bado.
Samaki nimemkata kwa mstari mmoja mwembamba,
ili asomeke.
Juu yake nimeandika: *andazi, nusu.*
Alama themanini na tisa
sijazirudisha.