Friji ya Kampuni

Friji hii si yangu, nasema mapema.
Ililetwa na kampuni mwaka aliofariki Mselem,
nyekundu kama mdomo wa bi arusi,
jina lao mbavuni kwa herufi kubwa
na sharti moja: usitie ndani kinywaji cha mtu mwengine.
Nikatia saini. Mjane hasomi maandishi madogo,
husikiza mngurumo wa baridi.

Kisha mkubwa wao, huko juu anakokaa,
akaulizwa kwenye televisheni mbona kiwanda chahama Changamwe.
Akacheka kwanza. Akasema watu wa pwani
hulala mchana, huamka kuulizia chakula.

Basi. Kufika laasiri Kibokoni nzima imewaka.
Vijana walioninunulia mabuyu asubuhi
jioni wanigongea mlango:
Bi Mwanakombo, wewe utasimama wapi?
Nyuma ya kaunta, nikawajibu, kama juzi.
Halikuwapendeza.

Nikachukua leso, ile ya arusi ya Rukia,
nikaivisha friji kutoka kichwani hadi chini.
Ikawa kama mwanamke aliyekuja kuhani,
amesimama pembeni, haongei, ananguruma tu.
Pale pale lilipokuwa jina lao
likaangukia jina la leso:
MNINENE MCHANA, USIKU MWANIJUA.

Jumamosi akaja mheshimiwa na kamera tatu.
Alitaka chupa za kumwaga,
na wenye hasira hawakuwa nazo, walishazinywa.
Akaelekezwa kwangu.
Akachukua kreti mbili: andika, mama.
Nikaandika. Akazimwaga moja moja barabarani Makadara,
povu likakimbilia mtaroni, nyuki wakaja,
mbuzi wa Famau akalamba lami mpaka akapiga chafya,
watu wakashangilia.
Deni lile liko daftarini, ukurasa wa kumi na mbili,
baina ya mkate wa Shee na mafuta ya taa ya marehemu.

Usidhani sikuumia. Babangu alibeba magunia bandarini
na mgongo wake haukunyooka hata sandani.
Mvivu? Neno lile lilinikaa kooni
kama mwiba wa changu; nikameza tonge kavu,
likateremka, likapanda.
Kumwaga sikumwaga. Kuuza niliacha.
Hayo ni mambo mawili, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Na Kazungu wa lori, mtu wa pwani tangu kitovu,
huyo ndiye aliyesimamishwa kazi mwanzo.
Alikuja na shati lao mkononi, akaliweka juu ya mizani.
"Bi Mwanakombo, aliyetukanwa ni nani,
na anayelipa ni nani?"
Nikampa mahamri mawili.
Jibu la kumfungia gazetini sikuwa nalo.

Usiku wa tatu, joto la Machi limekalia mabati,
dirisha likaguswa kwa kucha, taratibu.
Athmani, yule wa kipaza sauti,
koo limemkauka kwa kutuonya.
"Ile... iko baridi?"
Tukatazamana. Nikafunua leso upindo mmoja,
mwanga mweupe ukammwagikia miguuni.
Nikamtolea chupa yao. Akanywa kafumba macho,
kisha akayafumbua.
"Huu ni ukwaju," akasema,
kama mtu aliyeibiwa.
Ni ukwaju, nikamwambia. Nimeukamua mwenyewe,
chupa nimeziosha kwa maji moto. Shilingi hamsini.
Akaumaliza wote, na lawama yake,
akarudisha chupa, akatazama huku na huku, akaenda.

Leo imekuja barua yenye muhuri:
nimevunja sharti, wataijia friji yao Alhamisi.
Nani aliyewaambia, sijui. Mtaa una macho
na ukwaju una harufu.
Waje. Nimeshaipangusa,
nimeitoa vumbi mpaka nyuma kwenye nyaya.
Wabebe taratibu, mlango wangu mwembamba.
Leso waniachie.