Kisanduku cha Saba

Kiharusi kilimwingilia Mzee Sleyyum
kama mwizi anayeijua nyumba:
kikabeba mkono wa kulia, mguu nusu,
kisha Kiarabu chote, miaka hamsini ya Kiarabu,
kikamwachia Kiswahili cha utotoni,
cha Malindi ya Unguja, hata vumbi hakikukipangusa.

Sasa tuko Ibra, ofisi ya ustawi wa jamii,
namba sitini na mbili.
Kiyoyozi kinatetemesha karatasi.
Nimekaa kati yao, na kazi yangu ni hii:
kumsemea mtu bila kumpokonya kauli.

Bwana Mundhir anauliza kwa upole. Nageuza.
Unatembea? Natembea.
(Raya, bintiye, anatazama sakafu.)
Unakula mwenyewe? Tangu lini mwanamume akalishwa?
Kisanduku cha saba: unaoshwa?

Hapo akanitazama
kama nimemvua kanzu mbele ya watu.
"Aibu ya maiti aijua mwosha," akasema,
"na miye, mwanangu, sijafa. Andika hapana."

Najua hapana inagharimu nini.
Kabati langu limejaa hapana za namna hii,
faili za kijani za watu wenye heshima zao
na wasio na posho.
Na ulimi ni wangu. Mundhir hajui Kiswahili.
Ningesema naam, ingepita,
nani angenishitaki, kiyoyozi?

Nikasema: laa.
Kalamu ikaanza kushuka.
Nikasema: tafadhali, ngoja.
Ngoja nayo ni haki ya mteja, ingawa
hakuna aliyewahi kuniuliza imeandikwa wapi.

Nikaiacha fomu, nikamgeukia mzee.
"Kishada hiki cha shingoni kinanukia haludi.
Nani kakichovya leo?"
Akakishika kwa mkono wa kushoto,
ule uliobaki mwaminifu.
Mashine ikaita sitini na tatu. Mtu akakohoa.
"Raya," akasema.
Kisha polepole, kama alipaye deni kwa sarafu ndogo:
"Raya haendi kazini tangu Shaabani.
Usiku namsikia jikoni, kaegemea friji, anapumua tu.
Miye sina haja. Andika Raya kachoka."

Nikageuza neno kwa neno, hata lile "sina haja".
Mundhir akaipindua fomu, mbele, nyuma.
Hamna kisanduku cha Raya.
Akaandika pembezoni, herufi za sisimizi,
mstari ukapanda, ukakata kona,
ukaenda kugota kwenye mhuri.

Jibu wiki sita. Pengine nane.
Nje gari limeshakuwa tanuri.
Mzee akaukataa mkono wangu ngazini,
akaupokea wa Raya,
na Raya akajifanya ni yeye anayeshikwa.

Nilikuwa nimeshapita mzunguko wa pili
nilipoiona kalamu ya serikali
mfukoni mwangu, haina kifuniko,
imeanza kuvuja.